Nisipochanga, Je?

Mkutano wa mtaa ulishafika kwenye mengineyo. Watu wa nyuma walikuwa wameanza kuinuka. Mwenyekiti akasema limebaki jambo dogo tu: ulinzi shirikishi na uzoaji wa taka. Kila kaya itatoa kiasi kilekile kila mwezi, na vijana watapita nyumba hadi nyumba na kitabu cha stakabadhi.

Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele, kofia mkononi, akaomba kusema.

"Mwenyekiti, hii ni kodi au ni mchango?"

"Si kodi, mzee wangu. Ni mchango, kwa faida yetu sote."

"Sawa. Na nisipochanga, je?"

Mwenyekiti akatazama karatasi yake. Aliyejibu ni mtendaji, tena kwa adabu: vijana watapita kumkumbusha mzee, na siku akihitaji barua ya utambulisho, ofisi itaangalia kwanza kama kaya yake haina deni.

"Basi ni kodi," mzee akasema, akakaa.

Mkutano ukafungwa. Mimi nililipa, na nitaendelea kulipa, maana usiku nikisikia filimbi ya sungusungu nalala vizuri zaidi. Lakini ni wiki kadhaa sasa swali la yule mzee haliniachi. Nikipokea risiti yoyote, nalisikia.

Nisipolipa, je?

Majina tuliyonayo

Kiswahili hakijapungukiwa majina ya fedha inayotoka mfukoni kwa mtu kwenda kwa wenye mamlaka. Kodi, ushuru, tozo, ada, leseni, faini, mrabaha wa madini, mchango. Ukivuka Namanga utakuta yamebadilishana viti: Mkenya huilipa serikali ushuru na humlipa mwenye nyumba kodi, na mamlaka yao ya mapato huhimiza "Tulipe Ushuru, Tujitegemee". Kwetu Tanzania kodi ni vyote viwili, ya serikali na ya mwenye nyumba, na ushuru umebaki zaidi forodhani, sokoni na kwenye mazao.

Ushuru ulitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Katika sheria ya Kiislamu mazao ya mvua hutolewa moja ya kumi, na ya kumwagilia nusu ya hiyo, kwa kuwa mwenye kumwagilia ametoka jasho zaidi. Napenda sana kipengele hicho. Mtoza ameangalia shambani kabla ya kuangalia gunia. Ushuru wa mazao wa halmashauri zetu uko chini ya hapo: mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula.

Halafu kuna hongo. Karne ya kumi na tisa misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara ilitoa hongo ilipopita Ugogo: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Ilikuwa malipo ya wazi kwa mtemi, ya kupita na kunywa maji katika nchi yake, na ilijadiliwa mchana kweupe, wakati mwingine kwa siku nyingi. Leo ukilitaja neno hilo ofisini watu watageuka kuangalia kama mlango umefungwa. Tendo la kutoa ni lilelile. Kilichoondoka ni uwazi na haki ya kudai.

Na kuna risiti ya LUKU, ambayo nadhani ndiyo somo la kodi linalosomwa na Watanzania wengi kuliko lolote. Kwa miaka kadhaa, ukinunua umeme wa shilingi 1,000, umeme wenyewe ulikuwa shilingi 819.67. Kilichobaki kiligawanywa mistari mitatu: Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, umeme vijijini asilimia 3, mdhibiti wa nishati asilimia 1. Mistari mitatu, wapokeaji watatu, na mlipaji ni mmoja aliyesimama gizani na simu mkononi.

Kibanda kwanza, kichwa baadaye

Niliamua kurudi nyuma, kwa sababu mzee yule alikuwa na umri wa kutosha kuikumbuka kodi ya kichwa, na nilihisi kwamba sauti yake ilitoka huko.

Wajerumani walianza na nyumba. Agizo lilitoka 1897 na utozaji ukaanza 1898: rupia 3 kwa kila nyumba ya mashambani. Mwanzoni wengi walilipa kwa mazao au kwa kufanya kazi, kwa sababu rupia zenyewe hazikuwa mikononi mwa watu. Ndilo lililokuwa kusudio. Atakayetaka rupia atazikuta kwenye shamba la mzungu, kwenye ujenzi wa barabara, kwenye kubeba mizigo. Uganda ilikuwa hivyohivyo: Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka rupia 3 kwa nyumba, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki.

Watu wakajibu kwa akili. Kama kinachohesabiwa ni paa, basi paa zipungue. Wakabanana. Kijana aliyepaswa kujenga kwake akabaki kwa baba yake. Mtozaji alipoona hivyo akabadilisha cha kuhesabu: Kenya ilikuwa na kodi ya nyumba tangu 1901, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa kila mwanaume mtu mzima asiye na nyumba ya kutozwa. Tanganyika chini ya Waingereza ilipata sheria yake ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922.

Nyumba unaweza kuacha kuijenga. Kichwa utakiweka wapi?

Ndiyo sababu kodi ya kichwa ilichukiwa namna ile. Haikuuliza umevuna nini, umeuza nini, wala kama unaumwa. Ilikuuliza kama upo. Baada ya uhuru iliendelea kwa sura nyingine, ikafutwa mwishoni mwa miaka ya sitini, ikarudi miaka ya themanini pamoja na serikali za mitaa zilizofufuliwa, safari hii ikiitwa kodi ya maendeleo. Watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Walioishi vijijini miaka ya tisini wanawakumbuka mgambo barabarani na wanaume waliokuwa wakikatiza mashambani kwa sababu stakabadhi ya mwaka huo hawana. Mwaka 2003 ikafutwa.

Hapo nilidhani nimepata jibu. Malipo ya kichwa ni mabaya, malipo yanayofuata uwezo ni mazuri, na mzee alikuwa anaukataa mchango kwa sababu unamweka mwenye ghorofa na mwenye chumba kimoja kwenye mstari mmoja.

Kisha nikakutana na Wapare.

Upare, 1945

Miaka ya vita kuu ya pili, utawala wa Upare ulileta kodi ya nyongeza isiyokuwa sawa kwa wote. Kila mtu atakadiriwa mali yake, ng'ombe, kahawa, mashamba, kisha alipe kwa kadiri hiyo. Kwa maneno ya leo tungesema ni kodi ya haki. Watawala wakaipa jina la mbiru, jina la kienyeji la kile ambacho watu wa zamani walitoa kwa watawala wao.

Januari 1945 watu wakashuka kutoka milimani, kwa maelfu, hadi Same kwenye ofisi ya wilaya. Wakakaa. Hawakuvunja kitu. Walidai mbiru ifutwe. Walipoambiwa warudi makwao wasubiri, walibaki. Mwaka uliofuata wanawake wa Upare nao wakaingia, wakiwauliza maofisa ni lini waume zao watarudi kutoka huko Same, maana nyumba na mashamba yamewaelemea wao. Mwishowe mbiru iliondolewa.

Nilisoma habari hiyo mara ya pili, maana ilinivurugia hesabu. Watu walikataa kodi inayofuata uwezo!

Kadiri nilivyozidi kuitafakari ndivyo nilivyozidi kuwaelewa. Kiwango kimoja kwa wote kila mtu anakijua. Bibi anakijua, mtoto anakijua, na karani hawezi kukibadilisha kwa sababu hamkusalimiana vizuri. Makadirio yanafanywa na mtu, na yule mtu ana ndugu, ana wagomvi, ana macho yanayoona ng'ombe wa fulani na yasiyoona wa mwingine. Mwenye kukadiriwa hajui amehesabiwa nini mpaka aambiwe. Mfanyabiashara yeyote wa leo aliyekaa mbele ya dawati akisubiri kuambiwa "makadirio yako ya mwaka huu ni haya" anaijua hali hiyo mwilini.

Na lile jina. Mbiru ya wazee ilikuwa na uhusiano ndani yake: aliyepokea naye alidaiwa kitu na waliotoa. Walipolichukua jina na kuliweka juu ya kodi ya kukadiriwa, watu waliona wazi kwamba kilichoazimwa ni jina peke yake. Sidhani kama hasira ingekuwa ileile kama kodi ingeitwa kodi.

Kwa hiyo usawa wa kiwango si dhambi yenyewe. Nilibaki bila jibu kwa muda.

Pishi moja kwa kila mtu

Kilichonisaidia ni jambo ambalo wengi wetu tumelifanya au tumeliona likifanywa kila mwisho wa Ramadhani.

Zakatulfitri ni malipo ya kichwa. Yamehesabiwa kwa watu, si kwa mali: baba anajitolea yeye, mke, watoto, hata kichanga aliyezaliwa jana. Kipimo ni pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, yaani vibaba vinne, na tajiri hatoi kibaba cha tano. Kwa hesabu ya mchumi, ni kodi inayomwelemea maskini zaidi. Lakini sijawahi kusikia mtu akiilalamikia. Nimeona watu wakihangaika kuitoa kabla ya swala ya Idi ili isije ikapitwa na wakati.

Kwa nini?

Nadhani ni kwa sababu maswali yote yaliyomo ndani ya swali la yule mzee yana majibu humo. Nani anatoa? Aliye na ziada ya chakula cha siku hiyo na usiku wake. Asiye nacho? Hatoi, anapewa. Inakwenda wapi? Kwa maskini, na mara nyingi unamjua kwa jina na mlango. Mpaka lini? Inajirudia mara moja kwa mwaka na haiongezeki. Hakuna anayeshika barua ya mtu.

Msamaha kwa asiye nacho umo ndani ya kanuni yenyewe. Hauombwi kwa mtendaji, hausubiri huruma ya mtu.

Elfu ishirini

Desemba 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kila anayeuza chini ya shilingi milioni 4 kwa mwaka. Ukikitazama kwa makini, kile kitambulisho kilikuwa malipo ya kichwa. Muuza karanga na muuza viatu, bei moja.

Namkumbuka mama mmoja wa mihogo niliyekuwa nikinunua kwake. Alikivaa shingoni kama cheti cha mwanafunzi aliyefaulu. Nilimuuliza kama elfu ishirini haimuumizi.

"Mwanangu, inaniuma siku moja," akanijibu. "Ule ushuru wa kila siku ulikuwa unaniuma kila asubuhi, na kila anayekuja ana kitabu chake."

Alikuwa ananieleza walichokitaka Wapare, bila kuwataja. Kiwango kinachojulikana, mpokeaji mmoja, mwisho unaoonekana. Alichoshangilia ni kupumua. Lakini swali lilibaki kwa jirani yake, binti aliyeuza mboga za majani kwenye sinia, ambaye kukusanya elfu ishirini kwa pamoja kulikuwa mlima. Kwa huyo kanuni haikuwa na neno lolote. Alinunua au aliondoka. Nilipopita tena, sinia halikuwepo.

Mchango usio na mlango

Sasa narudi kwenye neno lililonisumbua kuliko yote.

Ibara ya 138 ya Katiba yetu inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiwa nguvu na sheria hiyo. "Ya aina yoyote." Waliouandika mstari huo waliziba njia nyingi kwa maneno matatu. Njia ambayo haikuzibika vizuri ni ya kuacha kuiita kodi.

Tozo za miamala ya simu zilipoanza 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, zikikata wakati wa kutuma na wakati wa kutoa, nchi nzima ilipiga kelele. Watu walirudi kutuma fedha kwa makondakta. Tozo ile ilikuwa nzito, na kwa maoni yangu ilimpiga anayemtumia mama yake hela ya dawa. Lakini ilikuwa na mlango wa kugongwa. Ilipita bungeni, ilikuwa na kanuni, ilikuwa na waziri wa kuulizwa. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 baada ya wiki chache, kiwango cha juu kikashuka hadi 7,000, kisha 4,000 mwaka 2022, na bajeti ya 2023 ikaiondoa kwenye kutuma. Kelele zilikuwa na pa kwenda.

Mchango hauna pa kwenda. Elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutiwa ada kuanzia 2016, ada iliondoka na michango ikabaki: ya mlinzi, ya dawati, ya mitihani ya majaribio, ya uji. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa kitu ambacho kwa jina lake ni hiari. Januari 2018 ilibidi rais mwenyewe apige marufuku michango ile. Fikiria hapo. Kwa kodi, mzazi angekwenda kwenye sheria. Kwa ada, angedai stakabadhi na huduma. Kwa mchango alihitaji rais.

Wala siutukani mchango. Tumeoana kwa michango, tumezikana kwa michango, na shule nyingi za kata zilianza na mawe yaliyobebwa na wanakijiji. Mchango wa harusi una ukali wake pia, kadi inakuja na kiwango cha chini kimeandikwa, na kamati inakupigia simu. Ila nisipochanga harusi ya rafiki, nitakosa ukumbini na nitaona aibu. Aibu ni adhabu ya kijamii, na ina kiasi chake. Sitakosa barua ya kumdhamini ndugu yangu polisi.

Hapo ndipo mstari ulipo, kwa jinsi ninavyouona sasa. Asiyetoa akikosa kitu alichostahili kama raia, barua, kiti cha darasani, kitanda cha hospitali, basi anatozwa kodi, hata kama karatasi imeandikwa mchango kwa herufi kubwa. Na kama ni kodi, iwe na vitu vya kodi: sheria, kiwango kilichotangazwa, hesabu zinazobandikwa ukutani, na njia ya asiye nacho.

Ulinzi wa mtaa wetu unaweza kuwa na vyote hivyo. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Ni kazi ya miezi, si ya mkutano wa jioni moja, na nadhani ndiyo maana wengi huiruka hatua hiyo.

Kodi ya nyumba, kodi ya majengo

Swali la mzee nililitumia na mimi, mahali nisipotarajia.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 imekuwa 1,500. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo. Lakini mita haijui mwenye jengo ni nani, inamjua anayenunua umeme, na mijini huyo mara nyingi ni mpangaji. Kwa hiyo mpangaji hulipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba, kisha hulipa kodi ya majengo kwa serikali kwa niaba ya mwenye nyumba, na yote mawili tunayaita kodi kwa pumzi moja. Nadhani kufanana kwa majina kumewafanya wengi wasione kwamba wamelipa deni la mtu.

Nisipolipa, umeme hauji. Hilo liko wazi. Swali lililofuata ni nani alipaswa kuulizwa.

Nilikusanya ujumbe wa LUKU wa mwaka mzima, nikaandika mistari ya makato kwenye karatasi moja, nikaenda kwa mama mwenye nyumba jioni. Nilimwamkia, tukaongea habari za mjukuu wake, kisha nikamwonyesha. Alivaa miwani akaisoma polepole.

"Hii yote ulikuwa unalipa wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wa vyumba vya nyuma?"

Wa vyumba vya nyuma tunatumia mita moja na mimi, tunachangiana. Alichukua kalamu akagawa 18,000 kwa watatu, akaandika kila mmoja atakatiwa 6,000 kwenye kodi inayofuata, akaweka sahihi. Mpangaji wa chumba cha mwisho amehamia miezi minne iliyopita, na bado tunabishana kama wake uwe 2,000 au 6,000.